Umeombwa upige picha za harusi ya ndugu yako: vifaa vya kuchagua, na vya kuviacha dukani

Kwenye vikao vya kamati, ikifika zamu ya fungu la picha, hakosekani mtu wa kuuliza: "Kwani yule mdogo wake bwana harusi si ana kamera?" Wote wanageuka kukutazama, mwenyekiti anakata mstari kwenye bajeti, na kuanzia hapo kumbukumbu ya siku ile iko mikononi mwako. Mwongozo huu nimekuandikia wewe. Si mpiga picha wa kazi, una kamera ya kawaida au huna kabisa, pesa ni ya kuhesabu, na harusi iko mwezi mmoja au miwili mbele.

Nimepiga harusi za ndugu zangu hapa Dar es Salaam, za kanisani na za akdi, na jambo moja limejirudia kila mara. Picha za mchana hutoka karibu na kamera yoyote. Kinachokupima ni ukumbini saa tatu usiku, taa zimepunguzwa, maharusi wanaingia wakiserebuka na MC anapaza sauti. Kwa hiyo pesa yako ianze kwenye lenzi inayopitisha mwanga mwingi, ifuate flashi, kisha akiba ya betri na kadi. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, iwe ya mwisho. Wengi tunafanya kinyume: tunanunua bodi mpya na ile lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, mfuko unakauka, tunaingia ukumbini bila flashi.

Hatua ya 1: Pata ratiba kabla ya kwenda dukani

Kwanza uliza kamati kama kuna mpiga picha wa mnato aliyelipwa. Kama yupo, wewe ni wa pili, na hiyo ni nafasi nzuri: unamwachia pete na keki, unahangaika na bibi anayefuta machozi na watoto waliolala kwenye viti. Kama hayupo, sema waziwazi kikaoni kwamba ungependa walau ukumbini awepo mtu wa kazi. Si aibu kulisema. Pete inavishwa mara moja, na kamera ikigoma dakika hiyo hakuna wa kumwomba arudie.

Kisha andika ratiba yote kwa kufuata mwanga. Chumba anachovalia bi harusi kina dirisha upande gani? Ibada ni saa ngapi, na padri au mchungaji anaruhusu flashi? Makanisa mengi yana masharti yake, na ni heri uyajue Alhamisi kuliko Jumamosi. Kama ni akdi msikitini, uliza utasimama wapi. Kama kuna shughuli ya akina mama ndani, mpiga picha awe mwanamke, na picha zile zisitoke nje bila idhini yao. Kitchen party nayo ni hivyohivyo: ukiwa mwanamume, mkabidhi kamera binamu yako wa kike na umfundishe mapema.

Jua la Dar nalo lina tabia yake. Tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwaka mzima jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni. Mwanga laini wa jioni haukai; una nusu saa, labda dakika arobaini, halafu ni giza. Msafara ukikwama kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo, mwanga huo umekupita. Adhuhuri nako kuna tatizo lake. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na Oktoba 10, jua la saa sita na kitu mchana linapita juu ya utosi kabisa, na macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Ukijua haya, utaelewa kwa nini flashi nimeihesabu hata kwa picha za nje.

Hatua ya 2: Chagua lenzi

Hapa ndipo pa kutumia muda.

Lenzi imeandikwa namba mbili. Ya kwanza ni milimita, yaani inavuta kiasi gani. Ya pili inaanza na f, nayo inakuambia tundu la lenzi linafunguka kiasi gani: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi. Lenzi ya 18-55mm inayouzwa pamoja na kamera nyingi ina f/3.5-5.6, na ukiivuta mpaka mwisho unabaki na f/5.6. Lenzi ya 50mm f/1.8 inapitisha mwanga unaokaribia mara kumi ya huo.

Chukulia uko ukumbini na kamera yako, ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) ni 3200, lenzi ya boksi kwenye f/5.6. Kamera inakudai shata ya 1/15, yaani mlango wake ukae wazi sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Kwa kasi hiyo bi harusi akigeuza shingo tu, uso umetoka kama umepakwa kwa kidole. Badilisha lenzi, weka ile ya f/1.8, na palepale ulipo unapata 1/125 na akiba kidogo juu yake. Bodi ni ileile na taa ni zilezile, ila uso sasa una kope zinazohesabika. Ndiyo maana nasema lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo kwa kila chapa ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini, inazidi thamani ya bodi mpya.

Ina mipaka yake, nayo uijue. Kwa umbali wa mita 2, ukiwa umeifungua mpaka f/1.8 kwenye kamera yenye kihisi kidogo (kihisi ni kile kibamba cha ndani kinachopokea picha), sehemu inayotoka kali ina kina cha sentimita 11 au 12 tu. Bwana harusi akisimama nusu hatua nyuma ya mkewe, mmoja kati yao atakuwa na ukungu. Kwa watu wawili funga kidogo, f/2.8. Kwa safu mbili za ndugu nenda f/5.6 na uwashe flashi.

Mpaka wa pili ni nafasi. Kwenye kamera za kihisi kidogo, ambazo ndizo wengi tunazo, 50mm inavuta kama 75 au 80. Jaribu kuitumia kwenye chumba cha nyumba ya Temeke, bi harusi anavalishwa, kuna kitanda, kabati, mpambaji, mama zake wadogo watatu na feni ya kusimama. Utajikuta mgongo umegusa ukuta na bado unapata kichwa na mabega tu. Hapo lenzi ya boksi kwenye 18mm ndiyo ya kazi, dirisha likiwa wazi. Usiiuze.

Kama mfuko unaruhusu lenzi moja ya kufanya karibu kila kitu, tafuta 17-50mm f/2.8 ya Tamron au Sigma, hata iliyotumika. Inabaki f/2.8 mwanzo hadi mwisho wa kuvuta, na inakufaa kutoka chumbani mpaka ukumbini. Mimi kwa harusi ya familia ningechukua hiyo na 50mm, basi. Ile ndefu ya 70-200mm f/2.8, ya kumfikia padri ukiwa umekaa nyuma, ni nzito na ni ghali. Ikodi kwa siku moja kutoka kwa mpiga picha unayemfahamu.

Kuna mitego miwili ya kufungana kwa lenzi na bodi. Ukiwa na Nikon za familia ya D3000 au D5000, mfano D3200 au D5300, ndani ya bodi hamna mota ya kufokasi, yaani ya kuilenga lenzi ili picha itoke kali. Ukiuziwa 50mm yenye herufi D mwishoni, itaingia vizuri, itapiga, ila hutasikia ikifokasi. Itabidi uzungushe kwa mkono. Unayoihitaji ni AF-S yenye herufi G. Familia ya D7000 ina mota, inatumia zote mbili. Kwa Canon, lenzi zilizoandikwa EF-S haziingii kwenye bodi za kihisi kikubwa kama 6D au 5D, wakati EF zinaingia kwenye DSLR (kamera zenye kioo ndani) zake zote za EOS. Nenda dukani na bodi yako, funga lenzi palepale kaunta, piga picha kumi.

Hatua ya 3: Flashi, na jinsi ya kuielekeza

Ile flashi ndogo inayochomoka juu ya kamera iache imelala. Inampiga mtu usoni moja kwa moja, paji la uso lenye jasho linang'aa kama kioo, nyuma yake ni kiza.

Unahitaji flashi ya kufunga juu ya kamera ambayo kichwa chake kinageuka. Godox TT600 ni ya bei nafuu na inatosha, ila nguvu yake unaipanga mwenyewe kwa mkono. TT685 inapima yenyewe, lakini inatengenezwa kwa chapa mahususi, kwa hiyo angalia kama ni ya Canon, Nikon au Sony kabla hujalipa. Zote zinakula betri nne za AA. Nunua za kuchaji, seti tatu, kwa sababu betri za kawaida zikianza kuchoka unabofya na flashi haiwaki, na wazazi wameshakaa.

Elekeza kichwa cha flashi juu na nyuma kidogo ya bega lako, mwanga ugonge dari ndipo urudi kwa watu. Kumbi zetu nyingi zimefunikwa dari kwa vitambaa. Kitambaa cheupe ni neema. Turubai jeupe la uani nalo hivyohivyo. Cha zambarau au cha dhahabu kitarudisha rangi yake kwenye nyuso zote, na hapo ni bora ugonge ukuta mweupe wa pembeni, au uvike kichwa cha flashi kile kikopo cheupe cha plastiki. Dari likiwa juu sana au halipo, usiilazimishe.

Anza na mpangilio huu, kisha rekebisha: ISO 1600, f/4, shata 1/100, flashi kwenye 1/8 ya nguvu yake. Shata ya 1/100 nina sababu nayo. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za LED za bei ya chini hupepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Ukipiga 1/320 unaweza kukuta michirizi ya giza imekata picha, au picha moja ina rangi ya njano na inayofuata ya kijani. Kwenye 1/100 au 1/50 kila picha inakamata mpepeso mzima. Kwa sababu hiyohiyo, kama kamera yako ina shata ya kimyakimya ya kielektroniki, izime ukumbini.

Nje mchana, wageuze watu walipe jua mgongo au wapeleke kivulini, halafu flashi iwajaze macho mwanga. Kumbuka kamera nyingi haziendani na flashi ya kawaida ukizidisha 1/200 au 1/250. Ukipita hapo sehemu ya picha itatoka nyeusi.

Hatua ya 4: Bodi

Kama unayo DSLR au kamera isiyo na kioo iliyotengenezwa ndani ya miaka kumi na kitu iliyopita, inatosha. Ukitaka kununua, jambo moja ningeliangalia kabla ya megapikseli: ina matundu mawili ya kadi? Kamera ya hivyo inaandika kila picha sehemu mbili kwa wakati mmoja, kadi moja ikifa nyingine inayo. Nikon D7100 ya 2013 na D7200 ya 2015 zinayo. D7500 iliyokuja baadaye, 2017, ina tundu moja tu. D750 ya 2014 ina mawili na kihisi kikubwa. Canon 5D Mark III ya 2012 ina mawili ya aina tofauti, wakati 6D ya mwaka huohuo ina moja. Upya wa kamera haukuambii chochote kuhusu hili.

Kariakoo na maduka ya mjini utapata nyingi zilizotumika. Ukiishika mkononi, fanya haya bila haraka, muuzaji asikukimbize. Toa lenzi, washa tochi ya simu, mulika kioo cha lenzi kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, inaletwa na unyevu wa pwani yetu. Irudishe, hata kama bei inavutia. Lenzi ikiwa safi, ifunge tena kwenye kamera, bana tundu mpaka f/16, piga ukuta mweupe, vuta picha uone kama kihisi kina madoa. Washa menyu: Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina lugha ya Kijapani peke yake, na hakuna pa kubadilishia. Nikon inaandika ndani ya faili la picha idadi ya mara shata ilipofunguka, kwa hiyo piga moja, ipeleke kwenye kompyuta, usome. Dai risiti ya EFD. Ukitoka, begi livae kwa mbele.

Hatua ya 5: Kadi na betri

Usinunue kadi moja kubwa ya kubeba harusi nzima. Nunua za GB 64, tatu au nne. Kwa kamera ya megapikseli 24, faili la RAW (picha ghafi, kabla kamera haijaichakata) ni karibu MB 25 hadi 30, kwa hiyo kadi moja inabeba kama picha 2,000. Piga RAW, hasa ukumbini; taa zile za buluu na waridi zikimgeuza mama rangi, RAW ndiyo inayokupa nafasi ya kumrudisha alivyo.

Kadi bandia ziko nyingi, imeandikwa 128 kumbe ndani ni robo yake, na picha zinazozidi hapo zinapotea kimya. Ijaribu nyumbani kwa programu ya bure iitwayo H2testw, au F3 kama hutumii Windows. Inaijaza kadi mpaka mwisho na kuisoma upya. Baada ya hapo ifomati ndani ya kamera.

Betri tatu za kamera, chaja na waya wa kuongezea umeme. Soketi ya ukumbini iliyo karibu nawe itakuwa imeshakaliwa na DJ.

Hatua ya 6: Unyevu

Hili nalieleza kirefu kwa sababu liliniumiza. Ilikuwa mwezi wa tatu, harusi ya mpwa wangu. Nilipanda gari la maharusi kutoka Mbezi, kiyoyozi kimewekwa mpaka mwisho ili vipodozi visiyeyuke, kamera iko mapajani mwangu. Tukafika kanisani, nikashuka wa kwanza, mlango wa nyuma ukafunguliwa, baba yake akanyoosha mkono ampokee. Nikainua kamera. Ndani hakukuwa na mtu. Kulikuwa na weupe tu, kama ninatazama kupitia glasi ya maziwa. Nikafuta kioo kwa kitambaa, ukungu ukarudi kabla sijabofya. Zilipita kama dakika kumi lenzi ipate joto la nje. Kitambo kile cha mkono wa baba na glavu nyeupe kipo kwenye simu ya jirani, kimetikisika, na mpwa wangu aliponiuliza, "Mjomba, ya pale mlangoni iko wapi?" sikuwa nayo.

Kwa hiyo begi la kamera likae kwenye buti, siyo kwenye ubaridi. Kama lazima likae ndani, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki ulioubana vizuri, na ukifika iache humohumo nusu saa ipate joto kwanza. Mvuke utagandia plastiki. Hii ina maana wewe uwahi kufika, usisafiri na msafara. Ukiwa na vyumba vya hoteli vyenye kiyoyozi, fanya hivyohivyo. Baada ya harusi, hifadhi lenzi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na zile pakiti za silika za kunyonya unyevu, si kwenye begi la kitambaa kabatini.

Hatua ya 7: Nenda ukumbini usiku kabla ya siku yenyewe

Muulize meneja lini wana shughuli nyingine, uombe kuingia saa mbili usiku wakati wanapima taa. Dakika ishirini zinatosha. Mpeleke ndugu mmoja, asimame jukwaani akiwa na shati jeupe. Utaona kamera inavyodanganywa: ikikutana na weupe mwingi inadhani kuna mwanga wa kutosha, inapunguza, na uso mweusi unazama. Gauni la shela litafanya hivyo siku nzima. Pima kwa uso, ongeza mwanga theluthi mbili za hatua au hatua moja nzima (hatua moja ni mwanga mara mbili), huku ukiangalia tu nakshi za gauni zisiungue. Andika namba zilizokubali kwenye karatasi, ubandike nyuma ya flashi.

Vya kuviacha dukani

Zumu ndefu ya bei rahisi ya 75-300mm: ni ya ndege Bagamoyo mchana, si ya ukumbi. Vioo vya kuskrubu mbele ya lenzi vinavyodai kuipanua. Ile seti ya vipande thelathini ndani ya begi moja. Stendi ya miguu mitatu hutaitumia. Akina mama wakiingia na zawadi wakicheza, watapita nayo.

Usiku ule ule

Utarudi nyumbani saa nane au tisa usiku, miguu inawaka. Kabla hujavua viatu, hamishia picha kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, fungua chache za mwanzo, za kati na za mwisho uone zinafunguka. Diski ile, asubuhi, ipeleke kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine. Kadi zenyewe ziandike tarehe kwa kalamu, uziweke kwenye bahasha, usizifomati mpaka maharusi wamepokea picha zao na kukuambia wamezifungua zote.